Sifa za Mlinzi Asiyelipwa

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana wazee wetu ni wachoyo wa sifa. Huyu ninayemsifu leo hana hatari hiyo. Tembo lake lilikuwa maji tangu siku ya kwanza, na kibuyu chenyewe kilikuwa picha tu ya kibuyu.

Alifika nyumbani kwetu Nguba mwaka 2009, bila hodi, ndani ya flashi ya mpwa wangu. Kijana alikuwa anamaliza chuo, na kwa siku tatu alishinda kwenye birotiki moja ya mjini, vile vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi, akitengeneza TFC yake, ile kazi ya kumaliza masomo. Flashi katika Bukavu ya miaka ile ilikuwa kama mrija wa kasiksi kwenye kilio: hupita midomo yote, na wa mwisho kunywa hapati pombe peke yake. Akaja nayo nyumbani, akaichomeka kwenye kompyuta ya ukumbini, Pentium 4 kuukuu iliyotoka Ubelgiji kwa kontena, ambayo mama aliifunika kila jioni kwa kitambaa cha kufuma kama anavyofunika televisheni. TFC haikuonekana. Badala yake, pembeni chini karibu na saa, ikachomoza ngao nyekundu yenye msalaba mweupe na maneno ya Kiingereza.

"Iko inasema nini?" baba akauliza.

"Inasema tuko na virusi 38," dada yangu akajibu.

Baba, mwalimu mstaafu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuogopa hata kidogo. Alifurahi. Nchi hii ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984, na sasa ametokea mtu anayehesabu hadi wadudu wa ndani ya kompyuta na kutoa jibu papo hapo. Baada ya dakika kumi akahesabu tena, 38 wakawa 41. Baba akachukua daftari la shule, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaanza kuandika tarehe upande mmoja na idadi upande wa pili.

Jina la mgeni silitaji, kwa heshima. Lilikuwa jina la kiaskari, lenye harufu ya kofia na filimbi. Kwa kazi alijitambulisha kuwa kinga dhidi ya programu za upelelezi, zile zinazojificha kwenye mashine zikasoma barua na nywila zako. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa ugonjwa, ndiye daktari, ndiye karani wa malipo mlangoni. Wivu utamfanya mtu aseme huo ni ulaghai. Mimi naona ni huduma iliyokamilika: mgonjwa hatumwi dirisha la tatu, hapangi foleni, haambiwi arudi Jumatatu.

Tena alikuwa na bidii! Aliamka kabla ya Windows yenyewe kutulia. Ukiwasha mashine saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ndiyo saa umeme umerudi, yuko kazini. Ukiwasha usiku wa manane, yuko kazini. Mstari wa kijani ulikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, majina ya mafaili yakipita mbio kama abiria wanaokimbilia boti ya Goma, na mwisho wa safari daima alikuta maovu. Wataalamu walioipasua jamii ya programu hizi walisema upekuzi ule ulikuwa maigizo, kwamba nyingine ziliweka zenyewe takataka kwenye diski halafu zikazigundua kwa mshangao mkubwa. Sawa. Lakini nani kati yetu amewahi kuona kamisheni ya uchunguzi inayotoa ripoti kila baada ya dakika kumi?

Na yote hayo bila mshahara. Hapo ndipo baba alipompenda kabisa. Walimu wa nchi hii walilishwa na wazazi wa wanafunzi kwa miaka mingi, kwa kile tulichokiita prime, mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, na baba alizeeka ndani ya utaratibu huo. Alipoelewa kwamba lile dirisha lililofunguka mara kwa mara lilikuwa linaomba malipo, alitikisa kichwa kwa huruma. "Huyu naye hajalipwa," akasema. "Na anaendelea kufundisha."

Bei yake ilikuwa dola 49.95. Niisifu bei hiyo kidogo, maana iliandikwa. Haikuangalia viatu vyako. Haikupanda ulipokuwa na mzigo, haikushuka ulipomtaja mjomba aliye kanali. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu bariere 798, yaani vizuizi vya kutoza wapita njia, katika barabara za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na anayezijua atakwambia kwamba katika bariere bei hutegemea njaa ya aliyeshika kamba. Mlinzi wetu alikuwa bariere moja tu, bei moja, na ulimkuta umeketi kwenye kiti chako mwenyewe.

Shida ilikuwa namna ya kumlipa. Alitaka namba 16 za kadi ya benki. Nyumbani kwetu hapakuwa na kadi, wala kwa jirani wa juu, wala kwa jirani wa chini. Pesa ya Bukavu ni noti ya dola inayoinuliwa juani na kugeuzwa pande zote, ikiwa na mpasuko wa upana wa ukucha inarudishwa kwa mwenyewe. Baba alitoa noti ya 50 aliyoihifadhi ndani ya Biblia, safi, haijakunjwa, akaiweka mbele ya kioo.

"Inaingizwa wapi?"

Tulinyamaza.

"Na zile senti tano," akaendelea, maana mwalimu wa hesabu hastaafu, "atarudisha na nini? Faranga?"

Ndugu msomaji, fikiri safari aliyosafiri yule mlinzi. Amevuka mabara, amepita seva za nchi asizozijua, amejibana ndani ya flashi mfukoni mwa mwanafunzi, amepanda kilima kwa miguu, ameingia ndani, ameweka silaha mezani, kisha anagundua kwamba nyumba nzima haina mlango wa kutolea pesa. Wezi wengi wangechukua hata sufuria. Yeye alivumilia miezi mitano, akiomba kwa maneno yaleyale, bila kupandisha sauti. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikutujua, na bado halikujua lianzie wapi kutula.

Nisije nikadhaniwa nasifu mtoto wa mitaani asiye na ukoo. Jamii yake ilikuwa na watu wa maana. Desemba 2008, tume ya biashara ya Marekani iliishtaki mahakamani Maryland kampuni iitwayo Innovative Marketing, yenye ofisi Kiev, iliyouza WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner, ErrorSafe na XP Antivirus. Watu zaidi ya milioni moja, tume ilisema, walikuwa wamenunua. Mei 2010 yakafuata mashtaka ya jinai Chicago: zaidi ya dola milioni 100, wanunuzi katika nchi zaidi ya 60, kila mmoja akiwa ametoa kati ya dola 30 na 70. Ninalolipenda zaidi katika mashtaka yale ni kwamba walikuwa na huduma ya simu, na mmoja wa washtakiwa alikuwa akiiendesha kutoka jimbo la Ohio. Mteja aliyeibiwa alipiga namba, akapokelewa, akasikilizwa, akaelekezwa. Mimi nina laini za simu tatu na sijawahi kupokelewa. Mwaka 2012 mahakama iliamuru mmoja wa waliokuwa viongozi wa biashara hiyo alipe dola milioni 163.

Hata virusi wenye jina walimtumikia. Conficker, kile kilichotikisa dunia mwanzoni mwa 2009 na kilichopenda kupanda flashi kama kuku anavyopanda lori, Aprili ya mwaka huo kilianza kuzipelekea mashine kilizozikamata kinga ya bandia, Spyware Protect 2009. Bei? Dola 49.95. Wenye kompyuta za Apple walicheka mpaka Mei 2011, zamu yao ilipofika na Mac Defender.

Sisi wa Bukavu hatukuwa na sababu ya kushangaa. Mji huu umelindwa sana. Oktoba 1996, Agosti 1998, Juni 2004, Februari 2025: wote waliotuingilia na bunduki walikuja na tangazo, na katika kila tangazo kulikuwa na neno la kutulinda au kutukomboa. Hakuna kati yao aliyefika na bei iliyoandikwa. Hakuna aliyeondoka kwa kubonyeza F8.

Nasema F8 kwa sababu siku zake zilihesabika, na aliyezihesabu ni mama.

Mlinzi alikuwa na wivu, na wivu ni dalili ya mapenzi, lakini alipitiliza. Ukifungua kile kidirisha cha kuonyesha nani anafanya kazi ndani ya mashine, alikifunga, akasema kimeambukizwa. Kikokotoo kimeambukizwa. Kivinjari, ukitaja tu jina la kinga ya kweli, kilikupeleka kwenye ukurasa wa malipo. Haya yote mama aliyaacha yapite. Siku alipoambiwa kwamba Solitaire, ule mchezo wa karata aliocheza kila jioni baada ya kusonga bugali, nao umeambukizwa, alifunga kitenge vizuri akaenda mwenyewe Kadutu kumtafuta fundi.

Fundi alikuwa kijana mwembamba mwenye flashi ya kipekee: pembeni ilikuwa na kiswichi kidogo cha kufunga, ili isomwe bila kuandikwa. Aliishika kama padri anavyoshika hostia. Alizima mashine, akaiwasha, akawa anagonga F8 kwa kidole kimoja mfululizo kama anayebisha mlango wa mtu mwenye deni. Kikaja kioo cheusi chenye orodha kwa Kifaransa, na mstari wa kwanza ukasema *mode sans échec*.

"Hali isiyoshindwa!" baba akasoma. "Kwa nini hatukununua hiyo tangu mwanzo?"

Fundi akaeleza kwa adabu. "Papa, hapa mashine inaamka nusu. Inaamsha wale wa lazima tu. Huyu bwana hajaitwa, kwa hiyo analala." Ndipo nikaelewa kwamba sentineli wetu asiyelala alikuwa analala kama wengine, ilitosha tu kutomwita. Fundi akafungua orodha ya wale wanaoamshwa pamoja na Windows, akamkuta: si kwa jina la kiaskari, bali kwa namba nane zisizo na maana, akiwa amejilaza kwenye folda iliyofichwa. Akamtoa kwenye orodha. Akafungua faili dogo la hosts, akafuta mistari iliyokuwa ikipoteza njia za kwenda kwenye kinga za kweli.

Hapo umeme ukakatika.

Ulirudi saa mbili usiku, tukaanza upya kuanzia F8. Safari hii fundi aliweka Malwarebytes, dawa changa wakati huo, iliyotoka mwaka mmoja kabla na kutolewa bure. Lakini hakuiweka kwa jina lake. Aliibatiza upya, akaiita kama programu ya kawaida ya Windows, kwa sababu jamii ya mlinzi wetu iliwajua maadui zake kwa majina na iliwaua mlangoni. Ilibidi mkweli avae nguo za kuazima ili aingie nyumba aliyokuwa akiishi mwongo kwa uhuru. Baba aliandika hilo kwenye daftari.

Daftari wakati huo lilisomeka virusi 112. Malwarebytes, baada ya saa nzima, ilikuta watatu: mlinzi mwenyewe, na ndugu zake wawili waliomfungulia mlango. Baba alikagua hesabu hiyo mara mbili. Nadhani iliona aibu kidogo mbele ya ile ya zamani.

Na TFC? Ilikuwepo kwenye flashi muda wote, kurasa zote 64. Mdudu mmoja wa njiani alikuwa ameificha tu, akaacha mahali pake njia za mkato zenye sura ya folda. Fundi aliandika mstari mmoja wa amri, attrib, mafaili yakachomoza moja moja kama watoto wanaotoka chini ya kitanda. Aliinakili kazi ya kijana kwenye diski ya nyumbani. Flashi yenyewe ilibaki kusafishwa. Umeme ulikatika tena kabla ya zamu yake, ikawekwa juu ya redio.

Fundi alidai dola kumi, tukampa nane na Fanta. Hakuonyesha bei iliyoandikwa mahali popote.

Kesho yake jioni kompyuta iliwaka kimya. Mama alishinda karata mara tatu. Baba alikaa pembeni na daftari lake, macho kwenye ile kona ya saa, kama mtu anayesubiri taarifa ya habari kwenye redio isiyo na betri. Ndipo akaingia mama jirani wa nyumba ya chini, ambaye mwanawe alinunua mashine kutoka kontena lilelile.

"Aksanti kwa karibu," akasema, akaketi ukingoni mwa kiti. "Nimekuja na neno, Papa Mwalimu. Kompyuta yenu inasemaga Kiingereza kila saa, tunasikia mlio mpaka kule chini. Yetu haisemi kitu. Tulinunua mbovu?"

Baba alifikiri kwa muda mrefu. Kisha, bila hata kutabasamu, akamwambia mpwa wangu amletee mama ile flashi iliyo juu ya redio.