Bomba Limefika Mtaani: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Asiyejua Yatakayomkuta

Ukisikia kipaza sauti kinapita mtaani kikitangaza kwamba halmashauri, mamlaka ya maji na serikali kuu zitachangia kwa pamoja kuwaunganishia majitaka wenye nyumba wa kipato cha chini, furahi, ila choo usikivunje kwanza. Wachangiaji watatu ni fomu tatu, mihuri mitatu na wakubwa watatu wanaotaka kupigwa picha penye mtaro. Mmoja kalipia bomba kuu, wa pili kalipia chemba ya barabarani, wa tatu kalipia semina. Zile mita nane kati ya choo chako na barabara, uliza mapema ziko kwenye bajeti ya nani.

Kabla ya yote utatakiwa kuthibitisha umaskini, na hapa wengi huanguka kwa sababu ya adabu zao wenyewe. Afisa akija, usiazime viti vya jirani wala usimpe soda baridi. Ataandika kwamba una friji. Tabu ni kwamba ukiwa na nyumba Dar es Salaam, huhesabiwi maskini. Mjane wa Buguruni ana vyumba vinne vya urithi, viwili kapangisha na kodi hajaiona tangu Ramadhani. Kwenye fomu huyo ni mwekezaji. Tena nyumba ingali kwa jina la marehemu, leseni ya makazi imekwisha muda, na watoto sita hawajakaa kikao cha mirathi. Mwenyekiti wa mtaa atakuandikia barua ya utambulisho bila shida. Mtendaji wa kata ataitaka hiyo barua pamoja na nyingine inayoithibitisha.

Ukishapita hapo, tazama kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai na kufungwa Juni 30. Fedha zinazochangwa na wengi huwa zimekamilika mwaka unapokaribia kufungwa, yaani katikati ya masika, na lazima zitumike kabla hazijarudishwa. Ndiyo maana utaona mtaro unachimbwa Aprili, kwenye mchanga wa bondeni, huku vibarua wakichota maji kwa ndoo kutoka kwenye shimo walilochimba asubuhi. Usiwacheke. Weka ubao wa kuvukia mlangoni, maana mtaro huo mtakaa nao.

Sasa mteremko, ambao hakuna kiongozi aliyewahi kuutaja jukwaani. Bomba la inchi nne linataka kushuka kama sentimita mbili na nusu kila mita, kwa hiyo mita zako nane zinataka sentimita ishirini. Mbona kidogo? Ni kidogo kama barabara haikuinuliwa kwa kifusi walipoweka lami, nyumba yako ikabaki chini kama sahani. Kabla ya kusaini popote, mwite fundi na mpira mwangavu wenye maji, mmoja ashike ncha chooni, mwingine ashike chembani, muone maji yanasimama wapi. Ukikuta chemba iko juu ya choo, kuchangia kwa pamoja hakutayafanya majitaka yapande mlima. Na usikubali ushauri wa shemeji wa kuingiza maji ya mvua ya uani kwenye bomba hilohilo. Mvua kubwa ikija, mtandao mzima utafurika, na utatokea kwenye choo kilicho chini kuliko vyote. Umeshakijua ni cha nani.

Wapo waliolitatua hili la nani alipie nini bila semina. Orangi, kule Karachi, Akhtar Hameed Khan alianza kazi mwaka 1980 kwa mgawanyo usio na fumbo: wakazi wajenge vyoo vyao na kuchanga kwa ajili ya bomba la kichochoro chao, serikali ibebe bomba kuu na mtambo wa kusafishia. Fedha zilikuwa kidogo, lakini kila mmoja alijua kazi yake inaishia wapi. Vingunguti, hapa Dar es Salaam, nako yamelazwa mabomba membamba ya kina kifupi, yakapenya vichochoro ambavyo tingatinga haliingii, hadi kwenye mabwawa ya majitaka yaliyo jirani. Mimi ningeuchukua mpango mdogo wa namna hiyo kuliko mkubwa wenye nembo sita kwenye bango.

Ukichoka kusubiri, utashawishika kurudi kwa vyura, wale vijana wanaoingia shimoni usiku na koleo, au kutapisha choo kama jirani: mvua ikikolea anachomoa gunia lililoziba tundu, asubuhi anakuwa wa kwanza kulalamikia harufu. Njia hiyo haihitaji barua ya mtu. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa hadi mikoani, nacho hakikuomba barua.

Basi tuseme umeunganishwa. Shimo la zamani linyonywe, lijazwe kifusi, lisiachwe na bati juu. Mbuzi na watoto hawasomi vibao. Andaa na maji, kwani bomba la majitaka bila maji ni ghala la kinyesi, na mtaani kwenu maji yanatoka Jumanne. Kisha ankara itakuja na mstari mpya wa huduma ya majitaka, unaokokotolewa kwa maji uliyotumia. Ruzuku ililipia kuunganisha. Mstari huo ni wako kila mwezi, na mpangaji atakuambia hautambui.

Siku ya kuziba itakuwa Idi mosi, nyumba imejaa wageni. Halmashauri itakuelekeza mamlaka ya maji. Mamlaka itauliza chemba iliyoziba iko nje au ndani ya uzio. Ya ndani ni yako. Ufito wa kuzibulia nunua mapema, na chagua ulio mrefu kuliko mita nane.