Hotuba Kuu Juu ya Majina na Namba, kwa Manufaa ya Mwatate

Jina la tovuti ni pambo tu mbele ya mtandao. Ndiyo kanuni ya kwanza ya elimu ya vikoa, yaani majina hayo, elimu ambayo mji wa Mwatate umejaliwa Mtaalamu mmoja, naye anatosha. (Cheo chake hakikutolewa na chuo chochote, kisije kikaingia doa la upendeleo.) Mitambo hujuana kwa namba: ama nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, ama zile ndefu za toleo la sita, ambazo hata Mtaalamu huziheshimu kwa mbali. Binadamu, asiyekumbuka hata namba ya simu ya mkewe, huandika jina. Lazima awepo mkalimani.

Hapo kale mkalimani alikuwa faili moja. Katika miaka ya 1970 orodha ya kompyuta zote za mtandao ilitunzwa California, kwenye taasisi ya SRI, na kikosi cha Elizabeth Feinler. Aliyetaka jina aliliomba kwao, na kila kompyuta ilinakili orodha nzima. Orodha ikavimba. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS, unaogawa kazi hiyo kwa ngazi, na inasikitisha kwamba hakuja Mwatate kutaka ushauri.

Jina husomwa kuanzia kulia. Katika ttu.ac.ke, la Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilicho upande wa Voi, ke ni Kenya, ac ni vyuo, ttu ni chuo chenyewe. Mwanafunzi akiliandika katika saiba ya pale stejini, kompyuta kwanza hujipekua: iliwahi kulijibu karibuni? Isipokumbuka, huiuliza seva ya kampuni ya intaneti kupitia mlango namba 53. Nayo ikikosa jibu, hufunga safari.

Safari huanzia kwenye mzizi: seva zenye herufi A hadi M, majina 13 tu, ingawa nakala zake zimetapakaa duniani, nyingine zikiwa Nairobi. Mzizi haukijui chuo wala hautaki kukijua. Huelekeza tu kwa wenye ke, yaani KENIC. Seva za ke nazo hazitoi namba. Hutaja seva ambazo chuo kimezipa kauli ya mwisho. Hizo ndizo hutamka namba. Ni kama kufuatilia hati ya shamba, ofisi hii ikikutuma ile, ila hapa yote huisha kabla ya kupepesa jicho na bila kutoa chai.

Jibu halitupwi. Huhifadhiwa kwa muda alioupanga mwenye jina, sekunde 300 au saa 24, apendavyo, na hapa ndipo penye utamu wa fani. Makao makuu ya wilaya yalikuwa Wundanyi, ya kaunti yakaja Mwatate, na Taita Taveta ikabaki na jina lake. Tovuti nayo huhama seva. Hubadilishwa namba kwenye rekodi, jina lisiguswe. Anayeshikilia jibu la jana, hata hivyo, hupelekwa kwenye mahame mpaka muda uishe. Ndipo wateja wawili wenye laini tofauti huona, mmoja ukurasa mpya, mwingine wa zamani, na kila mmoja akaapa mwenzake ni mwongo. Mtaalamu huitwa kuamua. Hukodolea skrini zote mbili kwa muda unaotosha kuhalalisha ada, kisha huagiza wasubiri.

Ipo hitilafu nyingine: kompyuta hutangaza kwamba seva haikupatikana. Umati hulaumu bando, au milingoti ya mlima Vuria, ilhali mara nyingi intaneti ni nzima, ila seva inayoulizwa majina ndiyo imezirai. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuandika seva nyingine ya kuulizia, kama 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare. Kazi hiyo ni ya dakika moja. Ada haipungui.