Likizo Ndefu na Adabu Zake Mjini Minneapolis

Likizo ndefu, kwa mtu wa Afrika Mashariki anayefanya kazi Minneapolis, ni ile ya wiki nne hadi sita inayompeleka Kisii, Mwanza au Kampala na kumrudisha akiwa amenenepa. Safari fupi kuliko hiyo haihesabiwi likizo. Majirani wakisikia mtu amekwenda nyumbani kwa siku nane, huuliza nani amefariki.

Sheria haimsaidii sana msafiri huyu. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiriwa hupata siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, si chini ya siku 21 za kazi. Lakini Marekani haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja. Kila kampuni hujitungia yake, na nyingi hutoa likizo kwa kudondosha, kwa mfano saa 3.08 kila malipo ya wiki mbili. Zikiachwa mwaka mzima bila kuguswa hufika saa 80, yaani wiki mbili za kazi. Minneapolis haina ndege ya moja kwa moja kwenda Afrika Mashariki, kwa hiyo njia ya Amsterdam hula siku nzima au zaidi kwenda na nyingine kurudi, na mtu bado hajapelekwa kumwamkia bibi.

Ipo sheria ya taifa ya 1993 inayotoa hadi wiki 12 za ruhusa bila malipo, kwa waajiri wenye watu 50 na zaidi, lakini ni ya kujiuguza, kulea mtoto mchanga, au kumwuguza mzazi, mwenzi au mtoto. Mjomba hamo. Jimbo la Minnesota lina huruma zaidi. Tangu 1 Januari 2024 mfanyakazi hujiwekea saa moja ya ugonjwa na dharura kwa kila saa 30 alizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, na orodha ya ndugu wanaotambuliwa ina shangazi, wajomba, mabinamu, na hata mtu mmoja ambaye mfanyakazi humteua mwenyewe kila mwaka. Inasomeka kama sheria iliyotungwa na mtu aliyekulia kwenye ukoo mkubwa. Mjomba akiugua, saa hizo zinatumika, akizikwa, zinatumika, akioa, hapana. Ndiyo maana afya za wajomba huzorota sana mwezi wa Desemba.

Desemba ndipo penye ugomvi wote. Watu wengi wa Afrika Mashariki mjini hapo hufanya kazi hospitalini, kwenye nyumba za wazee na makao ya watu wenye ulemavu, mahali ambapo mgonjwa hageuki kitandani kwa sababu ofisi imefunguliwa, bali kwa sababu kuna mtu wa zamu. Anayekwenda harusini Mwanza humwachia mwenzake zamu mbili mfululizo usiku wa Krismasi, na kwenye nyumba yenye wauguzi saba huenda watano kati yao wana harusi Desemba hiyohiyo. Wenyeji wana misimu yao. Kiangazi hutoroka Ijumaa mchana kwenda kwenye vibanda vya ziwani huko kaskazini, Mei hufuata ufunguzi wa msimu wa uvuvi, na Novemba huwinda kulungu. Kushindana nao kwa siku hizo si busara: tangu 1998 uwindaji na uvuvi vimeandikwa kwenye katiba ya jimbo kuwa urithi wa kulindwa. Harusi ya Mwanza haimo kwenye katiba yoyote.

Ajali kubwa kuliko zote hutokea wakati wa kuomba, na chanzo chake, ajabu, si utovu wa adabu bali adabu mbili kukutana. Watu wa Minnesota wanajulikana Marekani nzima kwa upole usioweza kutamka hapana. Msimamizi akiambiwa kwamba mtu anafikiria kwenda nyumbani mwisho wa mwaka, hukunjua uso, husema itakuwa safari nzuri kweli, kisha huuliza kama ataona simba. Mfanyakazi huondoka akijua amepewa ruhusa. Msimamizi naye hubaki akijua amesimuliwa jambo. Lakini mfanyakazi ana kosa lake: kwa malezi aliyopata, mtu hamvamii mkubwa kwa tarakimu. Huanza kwa kumuulizia mama yake, halafu mbwa wake, halafu theluji, na mwishoni hutaja "siku chache" huku moyoni akihesabu 41. Wote wawili huagana wameridhika. Tiketi hununuliwa jioni hiyo, ile ya bei nafuu isiyorudishwa. Novemba ratiba ya zamu hubandikwa ukutani, na hapo kila mmoja hugundua kuwa amesalitiwa na mtu mpole.

Kinga yake ni kavu lakini haijapatikana bora: tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, maandishi, jibu la maandishi, kisha tiketi. Mwenye kuona aibu kutaja wiki sita ana kwa ana aziandike. Karatasi haioni haya.

Siku ya safari ina ajali zake. Hakuna anayeshuka Mombasa na koti la baridi kali, kwa hiyo koti huachwa kwenye gari la binamu aliyempeleka msafiri uwanjani, na mara nyingi mfukoni mwa koti hilo umo ufunguo wa kabati la dawa. Ujumbe wa msimamizi hutumwa saa tatu asubuhi ya Minneapolis, ambayo wakati wa baridi ni saa kumi na mbili jioni ya pwani, ngoma zikianza kupashwa moto. Binamu naye yuko kazini Saint Paul na simu ameizima.

Kuongeza siku ukiwa nyumbani ni kosa la kiufundi zaidi. Kisingizio kinachopendwa ni malaria, na ubaya wake ni kwamba kinafanya kazi kupita kiasi. Huku Afrika Mashariki mtu mwenye malaria huulizwa kama amemeza dawa, Minnesota huchangiwa. Anayeitumia hurudi na kukuta mezani kadi ya pole iliyotiwa saini na kitengo kizima, wakiwemo wawili waliokwisha kuona video yake akicheza harusini. Hawatasema neno. Watamuuliza kama bado anajisikia dhaifu.

Kurudi kuna sehemu mbili, zawadi na madeni. Kahawa na majani ya chai hupokelewa vizuri kila mahali, na kanga pia. Kitu cha thamani kikipewa msimamizi peke yake huzua maswali. Dagaa wa Mwanza ni zawadi ya nyumbani, si ya kazini, hasa mahali penye mikrowevu moja. Mgawo wa kwanza uende kwa waliobeba zamu, kwa sababu ndio wanaodai, na hawadai majani ya chai.

Madeni ya zamu hulipwa kwa siku ambazo wengine hawazitaki: Jumapili ya fainali ya mpira wa Kimarekani mwezi wa Februari, usiku wa tufani ya theluji, na juu ya yote ile wikiendi ya Mei ya kufungua uvuvi. Anayejitolea wikiendi hiyo bila kuombwa hupata jina zuri kuliko aliyeleta gunia la kahawa. Wengi humaliza kulipa kufikia Juni, nayo maombi ya Desemba huanza kupokelewa Julai.