Ukuta Unaokula Taa

Kwenye kadi ya dukani rangi ile ilikuwa na ukubwa wa stempu, na stempu haijawahi kumtisha mtu. Bluu ya kijivu, iliyokolea hasa, ile ambayo kwenye picha za sebule za Ulaya hukaa nyuma ya kochi la ngozi na mmea mmoja mpweke. Mke wangu aliipendea uzuri. Mimi niliipendea hesabu: nyumba ina watoto wenye viganja vya mafuta ya maandazi, na rangi nzito, kila mtu anajua, huficha uchafu.

Ilianza kwa upole. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, hukolea ikikauka, kwa hiyo asubuhi tulikuwa na bahari ukutani na alasiri tukawa na masika.

"Hii inakula, bosi," fundi akasema, akimaanisha ndoo.

Alisema kweli. Rangi nyeupe hufunika vizuri kwa sababu ya titani dioksidi, unga mweupe unaoziba kilichoko chini yake. Rangi nzito huchanganywa kwenye besi yenye unga huo kidogo mno, ama isiyo nao kabisa, ndipo ikolee. Matokeo yake koti ya kwanza huanika kila kiraka cha puti na kila mahali rola ilipogeuka. Dawa ni kutanguliza andakoti ya kijivu. Fundi alilijua hilo vizuri. Alinieleza akiwa anaosha rola, kazi imekwisha.

Sebule yetu ina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Mwanga kidogo uliokuwa ukiingia, ukuta mweupe ulikuwa ukiturudishia. Huu mpya haurudishi kitu. Shangazi alipokuja kutusalimia jioni, taa ikiwa inawaka, alipapasa hadi kwenye kiti, akafungua mkoba akanipa elfu mbili ninunue Luku.

Na uchafu? Vumbi la mtaa wetu ni jepesi kwa rangi, na juu ya bluu nzito linasomeka toka mlangoni. Ila aliyetuumbua hasa ni mjusi kafiri. Mkojo wake hutoka mkavu na mweupe, umeshikamana na kinyesi kwa ncha. Miaka yote tuliishi naye bila kujua njia zake. Sasa tuna ramani kamili. Mbu naye hupenda kupumzika penye giza. Zamani nilimwona, nikavua ndala. Siku hizi namsikia tu.

Kisha akaja mjomba kutoka Urambo, mrina asali, mtu wa pori. Alisimama mlangoni akautazama ukuta, akayatazama na mapazia yetu mapya, meusi.

"Mjomba," akaniuliza kwa huruma, "kumbe hata huku mjini mnasumbuliwa na mbung'o?"

Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, maana mdudu huyo huifuata bluu.

Wiki hiyohiyo nikamwita fundi aturudishie nyeupe. Alizunguka chumba, akagonga ukuta kwa kidole, akacheka.

"Kurudi ni ghali kuliko kuja, bosi."

Halafu akatoa simu apige picha ya kuwaonyesha wateja wengine, akaniomba nimulike na tochi yangu, ukuta uonekane.