Injini ya Altezza Ndani ya AE86: Mwongozo kwa Wenye Pupa

Wewe mwenye pupa, mwongozo huu ni wako. Umepata Corolla Levin au Sprinter Trueno ya kati ya 1983 na 1987, ile ya milango miwili ambayo wapenzi wa magari huiita kwa namba ya chesisi, AE86. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina kilo kama 940, na injini yake ya 4A-GE ya lita 1.6 ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 130. Kwako hao hawatoshi. Unaitaka 3S-GE ya Altezza, lita mbili, farasi 210, inayopatikana kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kirinyaga Road, Nairobi.

Sikukatazi. Injini iliyozoea kuvuta Altezza ya kilo zaidi ya 1,300 ikiingia kwenye gari la kilo 940, raha yake haielezeki. Ila fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Wengi huanzia mwisho, ndiyo maana uani kwa watu kumejaa magari mazuri yaliyofunikwa turubai.

Hatua ya kwanza: nunua breki

Najua umeshika hela ya injini mkononi. Irudishe mfukoni. Breki za gari hili zilipangiwa farasi 130, na sasa zina umri wa mtu mzima mwenye watoto. Weka diski mpya, pedi nzuri na mipira mipya ya breki, na mafuta ya breki ya zamani yamwagwe yote. Shokabu zilizochoka ziende pamoja nayo.

Kisha lala chini uangalie difu. Matoleo ya bei ya chini yalifungwa difu ndogo kuliko ya GT, na hiyo ndogo haitaiweza kazi unayotaka kuipa. Tafuta kubwa mapema. Mtu anayejisifu kwamba gari lake linafika 200, asiseme linasimama wapi, hajamaliza sentensi.

Hatua ya pili: hesabu silinda

Ukifika dukani muuzaji atakuambia, "Bosi, hii hapa ya Altezza." Atakuwa anasema kweli, na bado unaweza kuumia. Altezza za sedani ziliuzwa Japani kwa injini mbili. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita, ndefu zaidi, yenye farasi 160 tu. Basi hesabu. Zikiwa sita, mshukuru muuzaji uendelee na duka la pili.

Zikiwa nne, uliza kama ilitoka kwenye gari la klachi au la otomatiki. Ya otomatiki ilitoa farasi 200, na haiji na flaiwili, klachi wala giaboksi ya gia sita. Giaboksi hiyo, inayotengenezwa na Aisin, ina ndugu zake ndani ya Nissan Silvia S15 na Mazda MX-5, na ndiyo unayoihitaji. Dawa ni kununua nusu ya mbele ya gari lililokatwa, ikiwa na giaboksi, waya zote na kompyuta ya injini. Bei itakuuma siku moja. Kununua kipande kipande kutakuuma kila Jumamosi.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni. Fundi atoe plagi zote, akaze geji kwenye tundu la kwanza, apige stata mpaka mshale uache kupanda, aandike namba, kisha ahamie tundu la pili. Namba nne zikaribiane. Tofauti ikizidi psi 14 hivi, achana nayo. Muuzaji anayekataa injini isipimwe ameshakujibu.

Hatua ya tatu: udongo kwanza, moto baadaye

Usimruhusu fundi achomelee kitu siku ya kwanza. Injini itaingia na kutoka mara nyingi, na hakuna aibu katika hilo. Sampu ya Altezza haikuumbwa kwa ajili ya krosimemba ya AE86, kwa hiyo itakatwa na kuundwa upya. Hapo ndipo injini nyingi hufa: bomba la kunyonya oili lazima libadilishwe pamoja na sampu, mdomo wake ubaki karibu na sakafu ya sampu, la sivyo kona ndefu ya kwanza itaiacha injini ikinyonya hewa.

Chukua udongo laini, ufinyange madonge ya ukubwa wa ndimu. Weka mawili juu ya injini na moja kati ya sampu na krosimemba. Shusha injini ikae kwenye maunti zake, funga boneti taratibu, fungua, kisha pima unene wa udongo uliobanwa. Injini hucheza juu ya raba zake kila unapokanyaga mafuta, kwa hiyo pasipobaki nafasi ya kidole kizima, chuma kitagonga chuma. Ukisharidhika ndipo maunti zichomelewe, propela shafti ikatwe kwa urefu mpya na kubalansiwa, na manifodi ya eksozi ipitishwe mbali na stelingi.

Hatua ya nne: fundi umeme mmoja, koleo kabatini

Injini hii ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, kwenye kemshafti zote mbili, na kilango chake cha hewa kinaendeshwa kwa umeme. Fundi anayesema "waya hii haina kazi" huku ameshaikata, mwondoe kwa heshima. Kila soketi ibandikwe karatasi yenye jina lake kabla ya kuchomolewa, na kazi ianzwe na kumalizwa na mtu yuleyule.

Ongeza geji za presha ya oili na joto la maji. Hata katika katuni ya Initial D ya Shuichi Shigeno, kijana Takumi alipowekewa injini ya mashindano ndani ya AE86 yake, hakuielewa mpaka alipopata geji sahihi. Farasi usiowaona kwenye geji ndio watakaokutupa.

Hatua ya tano: maji, mafuta na kadi

Rejeta ya zamani haitoshi kwenye foleni ya saa nane mchana. Weka kubwa zaidi, yenye feni za umeme. Mgandamizo wa 3S-GE hii unazidi 11 kwa 1, kwa hiyo tia petroli ya oktani ya juu, na ukisikia injini inagonga, punguza mguu mara moja. Taimingi beleti ibadilishwe injini ikiwa bado iko nje, wakati kazi ni rahisi.

Halafu karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini, na namba hiyo sasa imebadilika. Tanzania nenda TRA, Kenya nenda NTSA, ukiwa na risiti ya ununuzi. Iambie na kampuni ya bima. Siku ya ajali ni siku mbaya ya kuanza kueleza kwamba injini iliyoandikwa siyo iliyofungwa.

4A-GE ya zamani usiiuze kama chuma chakavu. Ipake oili, izibe matundu, uifunge vizuri, uitunze. AE86 zimebaki chache na bei zake zimepanda. Atakayenunua gari lako kesho huenda akaitaka injini yake ya asili kuliko hiyo uliyoihangaikia.

Mwisho, nakuomba jambo moja. Mwendo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa, kwa mwenye farasi 130 na kwa mwenye 210, na mtoto anayevuka barabara hajui una injini gani. Ukitaka kuwatumia wote, jiunge na mashindano ya magari yanayosimamiwa, vaa helmeti, funga mkanda, ukimbie huko.