Farasi wa Msalato

Watu wa pwani tulipoambiwa tuhamie Dodoma na wizara zetu, tulifungasha feni. Hakuna aliyefungasha koti. Tulijua Dodoma ni vumbi, zabibu na jua kali, na hayo yote kweli tuliyakuta. Ambacho hatukuambiwa ni kwamba mji huu umekaa kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni upepo wake huamka kabla ya majogoo. Saa kumi na mbili asubuhi unaweza kukuta nyuzi 13 au 14. Ikifika saa nane mchana zimeshakaribia 27, na aliyevaa sweta anaonekana mgonjwa.

Ndiyo maana nasema koti la Dodoma lina kazi nzito kuliko koti la Ulaya. La Ulaya huvaliwa Novemba, likatundikwa Machi. La kwetu huvaliwa alfajiri, huvuliwa saa nne, kisha hubebwa mchana kutwa kama mtoto aliyegoma kutembea. Koti ambalo mwenyewe unaona uzito kulibeba, hata lingeshonwa kwa ngozi ya simba, mimi silitaki.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye ni mtu wa ngozi. Habari za kubeba hazimhusu. Jumamosi moja alitumwa mnadani Msalato kununua mbuzi wa kipaimara cha mwanawe. Anayeujua mnada ule anajua ulivyo: ng'ombe huku, nyama choma kule, moshi katikati, na mitumba imetandazwa hadi unakanyaga shati la mtu ukidhani ni njia. Shemeji aliingia kwa ajili ya mbuzi, akatoka na farasi.

Muuzaji alimwambia, “Mheshimiwa, hii siyo ng'ombe. Hii ni farasi. Farasi wa Marekani.” Ilikuwa wakati wa Bunge la Bajeti, na msimu huo Dodoma kila mwanaume mwenye viatu visivyo na vumbi huitwa mheshimiwa. Cheo hicho hakina mshahara ila kina bei yake. Koti lililotajwa kwa elfu themanini kwa mheshimiwa, mwalimu angelipewa kwa thelathini. Shemeji ni mwalimu wa sekondari. Alilipa kimheshimiwa.

Jioni ile ukoo ulikusanyika kwangu kumngoja mbuzi. Likaja koti. Baba mkwe, mzee wa Kigogo aliyechunga ng'ombe upande wa Bahi tangu utotoni, aliamkiwa na wote, akaitikia, kisha akauliza swali moja tu: “Mbuzi yuko wapi?” Shemeji akamjibu kwa kulitandaza koti mezani. Nami, ili kumsaidia shemeji asijibu zaidi, nikaleta langu la ng'ombe, la kahawia, laini, nililolipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Tukalinganisha. Ndivyo kikao cha kipaimara kilivyogeuka kuwa baraza la ngozi.

Tatizo la kwanza lilikuwa ushahidi. Farasi wengi wetu tumemwona kwenye gwaride tu, Jeshi la Polisi likionyesha kikosi chake cha mbwa na farasi. Kanda hii haijawahi kuwa yake. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alianza na farasi wawili. Wote walikufa mapema, hata Ugogo hawakufika. Maradhi hayakujali kwamba mzungu yule alikuwa na haraka. Imepita zaidi ya karne na nusu, farasi sasa anawasili Ugogo salama salimini, kafungwa ndani ya belo, ana zipu na mifuko minne.

Baba mkwe hakuwahi kumchuna farasi, lakini ngozi anaijua. Alilinusa koti, akalikunja, akalisikiliza likilia. Kisha akapitisha kidole mgongoni pote, polepole, na kutoa hukumu: “Huyu hakuchomwa chapa.” Alikuwa ameligusa jambo ambalo wenye viwanda vya ngozi nchini wanalilalamikia kila siku. Ng'ombe wetu ni wengi, ila ngozi zao huwa zimeshaandikwa kabla hazijafika kiwandani: chapa ya moto ubavuni, makovu ya fimbo, mikwaruzo ya miiba, alama za kupe, na juu ya hayo matobo ya kisu cha mchunaji mwenye haraka. Koti la shemeji lilikuwa safi. Langu, ukilitazama vizuri chini ya kwapa, lina kovu la mwiba. Mimi nalipenda kovu lile. Linaonyesha mwenye ngozi aliishi.

Akaja fundi viatu, jirani yetu, bila kuitwa. Akasema hiyo si farasi, ni punda. Hoja yake haikuwa ya kijinga, maana Dodoma punda wapo, wanabeba maji na kuvuta mikokoteni, na kulikuwa na machinjio ya punda hapa hapa mjini. Nikamkatalia. Ngozi ya punda haikuwa ikitafutwa kwa ajili ya makoti. Ilisafirishwa China, ikachemshwa hadi ikawa gundi ya dawa waitayo ejiao, na biashara hiyo ilikula punda wengi kiasi kwamba Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Nani angechukua ngozi inayogombewa na wauza dawa akaishonea kola? Fundi akanyamaza kidogo, kisha akaomba kiberiti.

Kipimo cha kiberiti ni cha kweli. Ngozi halisi ikiguswa na moto hunuka nywele zilizoungua. Ya plastiki huyeyuka na kunuka ndoo. Fundi aliunguza pindo la ndani, sehemu ndogo, tukanusa: nywele. Ingetosha. Lakini mpangaji wa chumba cha uani hakuwepo wakati tunanusa, akataka kuhakikisha mwenyewe. Akaja mwenye duka la kona. Akaja shangazi, ambaye pua yake siku hiyo ilikuwa na mafua, akahitaji kurudia. Koti lilithibitishwa kuwa halali, na pindo lake likabaki na madoa meusi yaliyopangana vizuri utadhani ni urembo wa kiwandani.

Tuwe wakweli kuhusu ubora, maana hapo shemeji ana haki yake. Nyuzi za ngozi ya farasi zimesongamana kuliko za ng'ombe, kwa hiyo hata ikiwa nyembamba haipitishi upepo kirahisi wala haichaniki ovyo. Ndiyo maana Irving Schott wa New York aliposhona koti lake la pikipiki, Perfecto, mwaka 1928, alitumia farasi. Na jeshi la anga la Marekani lilipowachagulia marubani koti la A-2 mwaka 1931, makoti hayo mengi yalikuwa ya farasi pia. Wakati huo farasi walikuwa wengi, walivuta kila kitu. Magari yalipochukua kazi yao, ngozi ikaadimika, na siku hizi koti jipya la farasi ni jambo la watu wenye pesa. Huko Japani kuna wanaolipa fedha nyingi ili koti jeusi lichubuke viwikoni na kuonyesha rangi ya kahawia iliyo chini yake. La shemeji lilikuwa tayari limechubuka hivyo, zuri kabisa. Jumatatu yake kijana wa kiwi kituoni, kwa huruma tu, alilipaka lote jeusi shemeji alipokuwa anasoma gazeti. Wala hakumtoza hela.

Sasa tuje kwenye kukaa mwilini, maana hapo ndipo farasi alipotuonyesha rangi zake.

Koti la pikipiki, kama hilo la shemeji, hukatwa kwa ajili ya mtu aliyeshika usukani. Kiuno kifupi, mikono mirefu iliyoelekezwa mbele. Ng'ombe wangu laini humsahau mmiliki wa kwanza baada ya wiki mbili za kuvaliwa. Farasi hasahau. Yule Mmarekani aliyelivaa kwanza alikuwa mpanda pikipiki, na viwiko vya koti vilikuwa vimekwisha kujikunja kwa umbo lake. Shemeji akilivaa, mikono yake inanyanyuka mbele yenyewe, ngumi zimetengana, kama anayesubiri taa ya kijani. Anatembea hivyo kwenda shule. Asubuhi ya kwanza, kabla hajavuka barabara, wateja wawili walikwisha kumuuliza, “Area D shilingi ngapi?” Darasani anaandika ubaoni mstari ukipanda kuelekea dari, maana kiwiko hakikubali kushuka. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Farasi, na wanafunzi wakishakupa jina, hakuna wizara inayoweza kulifuta.

Kwa usawa wa haki tuliyapeleka makoti kwa mtaalamu: kijana wa bodaboda anayenipeleka Mji wa Serikali, Mtumba, zile asubuhi ninazokosa usafiri wa ofisi. Barabara ile ya Dar haina kitu cha kuzuia upepo, na yeye hula baridi ya mbele yote, mimi nikijificha mgongoni mwake. Kama wenzake wengi, huvaa koti nyuma mbele: mgongo wa koti kifuani, zipu inafungwa na abiria. Katika nchi hii hicho ndicho kipimo cha koti, na hakuna fundi wa New York aliyewahi kukifikiria.

Akalijaribu la farasi hivyo. Nikamfungia zipu kwa shida, goti langu likiwa kiunoni kwake. Upepo kweli haukupita. Lakini viwiko vile vilivyokunjwa mbele sasa vilikuwa vimekunjwa nyuma. Mikono ya kijana ilivutwa kuelekea kwangu, akawa ananikumbatia kinyumenyume huku pikipiki inaunguruma bila mshika usukani. “Bosi, nifungulie,” alisema kwa adabu kubwa, “huyu mnyama anarudi kwao.” Akavaa langu la ng'ombe. Tukafika Mtumba salama, yeye na joto lake, mimi natetemeka, maana koti langu alikuwa nalo yeye.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa ngozi, farasi anamshinda ng'ombe, sibishi. Kwa kuvaliwa Dodoma, ng'ombe laini mwenye kovu anashinda asubuhi na mchana. Ukienda Msalato usidanganywe na harufu wala jina la mnyama: angalia mabega kwanza, kwa sababu mikono mirefu fundi ataipunguza lakini bega la ngozi hakuna fundi wa hapa atakayekurekebishia kwa bei ya maana. Kunja viwiko, vinyooshe, ligeuze nyuma mbele, kisha lishike mkononi dakika kumi ukizunguka na muuzaji akikufuata. Na uwe na subira. Bunge la Bajeti huahirishwa mwishoni mwa Juni na waheshimiwa wote, wa kweli na wa kupachikwa, wakapungua mjini. Baridi yenyewe inaendelea hadi Agosti. Nunua Julai.