Jinsi ya Kuvusha Kamba Mpakani: Mwongozo kwa Nahodha wa Lodwar na Kakuma

Nahodha, kamba iache kwanza. Keti chini ya mti wa ewoi, shika kalamu, andika majina ya wavutaji wako wanane, na mbele ya kila jina andika nchi ambayo mwenye jina hilo hawezi kwenda. Ukimaliza hapo ndipo utajua mashindano yako ya ng'ambo yatafanyika wapi. Timu za miji mingine huchagua pa kwenda kisha zikasaka tiketi. Timu iliyochanganya wenyeji wa Lodwar na wakimbizi wa Kakuma huanzia upande wa pili, na nahodha anayelikubali hilo siku ya kwanza ataokoa miezi mingi ya kusimama mbele ya madirisha ya ofisi.

Kapoeta itakutamanisha. Kutoka Kakuma unapanda hadi Lokichoggio, unasonga mpaka Nadapal, na Sudan Kusini ile pale. Watoposa wa huko na Waturkana ni wa ukoo mmoja wa Ateker, wanasikilizana bila mkalimani, na mwaliko unaweza kupatikana kwa salamu tu. Lakini akiwemo katika orodha yako mvutaji mmoja aliyeikimbia Sudan Kusini, ifute Kapoeta. Mkimbizi akirejea katika nchi aliyoikimbia, hata kwa siku mbili za michezo, hadhi yake ya ukimbizi inaweza kutiwa shaka, na hati yake ya kusafiria kwa kawaida haimruhusu kufika huko. Ndivyo ilivyo kwa Mkongomani na Goma, kwa Mrundi na Bujumbura. Wala usimwambie, "Wewe baki, tutakuletea kombe." Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Wapo waliozaliwa humo, wakasoma humo, wakaoana humo, na hilo neno la "wewe baki" wameambiwa vya kutosha.

Basi nenda Moroto, Uganda. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikutana Lokiriama, huko Loima, wakazika silaha na kuapa kutouana, na hadi leo watu wa pande zote mbili hukutana kuyaadhimisha mapatano hayo. Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walitia saini mjini Moroto makubaliano ya ushirikiano wa mpakani kati ya Turkana na Karamoja. Na kila linapofanyika tamasha la Tobong'u Lore, Lodwar huwapokea ndugu wa Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Wageni hao wakija usiwapigie makofi tu. Mkamate kiongozi wa msafara wa Karamoja kabla hajapanda gari, umwombe mechi huko kwao. Watu ambao babu zao walinyang'anyana ng'ombe wana sababu nzuri kuliko wote ya kushika ncha mbili za kamba moja, wakavuta hadi jua likatua, kisha wakala sahani moja.

Ofisini utaambiwa kamba si mchezo wa kusafiria. Jibu unalo. Wabunge wa Afrika Mashariki wana michezo yao, na kuvuta kamba kumo. Walikutana Bujumbura 2018, Kampala 2019, Juba 2022, Kigali 2023 na Mombasa 2024. Wafanyakazi wa kaunti zetu huvuta kamba katika michezo ya KICOSCA. Tanzania nako, katika michezo ya SHIMIWI, wizara na hata Ikulu huingiza timu za kamba, tena kwa ushindani mkali. Mbunge wako basi ni mvutaji wa ridhaa sawa na wewe, isipokuwa yeye ana fungu katika bajeti. Mwandikie barua ya heshima, umkumbushe hivyo, umwombe fungu kama hilo kwa vijana wa Kanamkemer na wa Hong Kong, ile ya Kakuma 1. Anajua raha ya kushindana ugenini, na hana sababu ya kuwanyima wengine.

Akitokea wa kukuambia kwamba mkimbizi wa Kakuma hawezi kwenda nje kushindana, mtajie mwaka 2016. Kabla ya Olimpiki ya Rio, taasisi ya amani ya Tegla Loroupe ilikuja kambini kufanya mchujo wa mbio, na miongoni mwa waliojitokeza wapo waliokimbia pekupeku. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong kufanya mazoezi. Juni mwaka huo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikatangaza timu ya kwanza ya wakimbizi, wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma, wote asili yao Sudan Kusini: James Nyang Chiengjiek, Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro, Anjelina Nadai Lohalith na Rose Nathike Lokonyen. Rose ndiye aliyebeba bendera siku ya ufunguzi. Hawakupata medali, na mtu anayeuliza medali kwanza hajaelewa walikuwa wametoka wapi. Paris, mwaka 2024, Perina Lokure Nakang, naye wa Kakuma, alikimbia mita 800.

Lakini wale watano, kila mmoja alikimbia mbio zake. Hati ya mmoja ingekwama, wanne wangeshindana. Kamba haigawiki hivyo. Kanuni inataka wanane upande huu na wanane upande ule, na karatasi ya yule mwenye njia ndefu kuliko wote ndiyo inayopanga siku ya safari ya wote. Ndiyo maana nasisitiza: anza na yeye.

Mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini hata kufika Kitale tu. Kuvuka mpaka anahitaji hati ya kusafiria inayotolewa chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambayo maombi yake hupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Baada ya hapo, ulizia viza mapema, kwa sababu ruhusa anayopewa Mkenya mpakani si lazima apewe na yeye. Aliye bado mwomba hifadhi, ambaye kesi yake haijaamuliwa, hati hiyo hawezi kuipata. Muulize jambo hili faraghani, wala si mbele ya timu. Maombi yapelekwe kabla ya kununua jezi, kabla hata ya kubishana juu ya rangi ya jezi.

Kama safari ni ya mbali, Ulaya kwa mfano, utaulizwa ubalozini: je, watarudi? Wanalo jina mdomoni. Dominic Lokinyomo Lobalu aliiacha timu yake ya wakimbizi Geneva mwaka 2017, akabaki Uswisi, na mwaka 2024 akawa bingwa wa Ulaya wa mita 10,000 akiwa na jezi ya Uswisi. Usimlaani kijana huyo, wala usiapie nafsi za watu wazima. Peleka ushahidi wa kinachowarudisha: barua ya shule, barua ya kazi, watoto, duka Kalobeyei. Maisha ya Kakuma yana mizizi kuliko ofisi za mbali zinavyodhani, na ni kazi yako kuionyesha.

Kisha waangalie Waturkana wenyewe, usidhani mambo yao yako sawa kwa kuwa wako kwao. Mkenya ameweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, na hilo ni jambo jema sana. Ila mvutaji wako bora anaweza kuwa kijana wa malishoni aliyezaliwa nyumbani, mbali na hospitali, asiye na cheti cha kuzaliwa. Kwake safari ya kitambulisho huanzia kwa chifu na wazee wa kumtambua. Nenda naye. Usimtume peke yake na karatasi asiyoweza kuisoma. Na wote wanane wachanjwe homa ya manjano, kadi ya njano iwe mkononi.

Makaratasi yakisonga, chagua miili. Hapa Turkana ina habari njema. Katika kanuni za TWIF, shirikisho la dunia la mchezo huu lililoundwa mwaka 1960, timu hupimwa uzani wa wote kwa pamoja. Lipo daraja la kilo 560, yaani wastani wa kilo 70 kwa mtu, na lipo la kilo 640, wastani wa 80. Wanawake wana daraja la kilo 500. Kwa hiyo mwache yule mfanyabiashara mnene wa mjini apumzike. Mtafute anayechota maji katika visima vya laga, yaani mto wa msimu unaokauka, kule ambako shimo huenda chini kimo cha watu kadhaa na chombo hupokezwa mkono kwa mkono hadi juu, saa nzima, bila mmoja kupoteza mwendo. Huyo ameshafanya mazoezi ya kamba tangu utotoni. Wengi wao ni wanawake, na kaunti itakayopeleka timu ya wanaume peke yao itakuwa imeacha nyumbani nusu ya nguvu zake.

Kamba yenyewe iwe ya katani ya manila, urefu usiopungua mita 33.5, mzingo wa kati ya sentimita 10 na 12.5, isiyo na fundo hata moja. Zile za nailoni za wavuvi wa Kalokol ni nzuri kwa kazi yake, lakini kwetu hazifai. Nailoni hunyumbuka, na ikikatika hurudi kwa nguvu zote ilizojaza. Mwaka 1997 mjini Taipei, katika sherehe ya watu zaidi ya 1,600 kuvuta kamba moja, ilikatika, na wanaume wawili wakakatika mikono. Kwa sababu hiyo kuna jambo ambalo sitaki ulisamehe hata siku moja: mtu kujizungushia kamba kiganjani. Wa mwisho peke yake ndiye anayeipitisha mwilini, kwa utaratibu maalumu, bila kuifunga. Anayekaidi, mtoe uwanjani hata kama ndiye mwenye nguvu kuliko wote.

Mazoezi yawe alfajiri au jioni. Saa sita mchana ya Lodwar si saa ya kuvuta chochote. Mchanga wa Kawalase, na wa Tarach kule Kakuma, hujenga miguu vizuri sana, lakini mashindano ya nje huwa kwenye nyasi, na Uganda nyasi hizo huenda zikawa zimelowa. Mtu aliyezoea mchanga akikanyaga nyasi mbichi huteleza mvuto wa kwanza, na mita nne ndizo zinazoamua mshindi. Hivyo mara mbili kwa wiki tafuta ardhi ngumu, mwage maji, vuteni hapo. Viatu viwe vya kisigino imara, visivyo na meno. Ugomvi wa viatu ni wa zamani: katika Olimpiki ya London ya 1908, kamba ilipokuwa bado mchezo wa Olimpiki, Wamarekani waliondoka wakilalamikia mabuti ya polisi wa Liverpool. Mchezo huu ulibaki Olimpiki hadi 1920, na leo umo katika Michezo ya Dunia.

Njiani sina mengi. Kamba ni mzigo wa watu wawili, kata tiketi yake mapema. Kwa kuwa njia fupi za wachungaji kuelekea Karamoja hazina mahali pa uhakika pa kugongewa muhuri, waulize kwanza maofisa wa uhamiaji. Ikibidi, zungukeni kwa Kainuk na Kapenguria hadi Kitale, mvukie Suam au Malaba. Msimu wa mvua laga hujaa na barabara hukatika, kwa hiyo acheni siku mbili za akiba. Nyirinyiri, ile nyama ya kukausha, ikiwa ya kutosha ndani ya mkoba, siku hizo hazitawaumiza.

Uwanjani refa ataamuru kwa mfuatano: okota kamba, kaza, tulia, vuta. Zoesheni masikio kwa lugha atakayoitumia, kwa maana timu inayotafsiri kichwani imeshapoteza hatua. Mwendo wenu uwe umeshaingia mwilini. Katika timu yenye Mturkana, Mnuer, Msomali na Mkongomani, mazoezini pigeni hesabu kwa Kiswahili, ambacho ni mali ya wote, na wimbo wa kupasha mwili mchukue kwa zamu kutoka kwa kila kabila. Kuketi chini makusudi ni kosa. Kupanda kamba mkono juu ya mkono ni kosa. Ukishaonywa mara mbili, kosa la tatu linakutoa.

Mkirudi, hesabu watu Kitale, hesabu tena Lodwar, kisha wasindikize wa Kakuma hadi kambini, kilomita kama 120 za usiku ambazo usiwaachie peke yao. Vibali virejeshwe kabla ya muda wake kwisha. Ofisa aliyeweka saini mpelekee picha ya timu nzima na nakala za mihuri ya kurudi, umshukuru, na hapo hapo umwachie maombi ya safari inayofuata, yenye majina 16: wanaume wanane na wanawake wanane.